Bi Usingizi na Fundi Piano

Dada yangu amelala katika karibu kila ukumbi wa jiji hili. Amelala kwenye tamthilia ambazo watu walikuwa wakiuana jukwaani kwa kelele. Amelala kwenye maonyesho ya picha, akiwa amekalia kile kiti kimoja kinachowekwa kwa ajili ya mlinzi, na mlinzi akabaki amesimama kwa sababu hakuwa na moyo wa kumwamsha. Amelala kwenye mhadhara kuhusu vyungu vya kale huku mhadhiri akimkazia macho, maana tulikuwa mstari wa mbele. Hakoromi. Hukaa wima, mkoba juu ya magoti, mikono miwili juu ya mkoba, viatu kavivua na kuvipanga pembeni. Mimi hukaa kiti cha pili nikamchora.

Hivyo ndivyo Bi Usingizi alivyozaliwa. Tulikwenda kusikiliza kwaya, nami nikaanza kuchorachora nyuma ya karatasi ya ratiba, tabia ambayo walimu wangu wote walijaribu kuing'oa wakashindwa. Nilianza na waimbaji. Midomo mingi iliyo wazi inachosha mkono, kwa hiyo nikageukia jirani yangu, ambaye alikuwa ameuchapa usingizi tangu wimbo wa pili. Karatasi ile ikajichanganya na michoro niliyokuwa napeleka gazetini, michoro ya ukurasa wa afya: figo, utumbo, mtu anapiga chafya. Ikaangukia mezani kwa mhariri wa ukurasa wa utamaduni. Aliitazama akacheka kwa pua, na kwa mtu wa aina yake hiyo ni sawa na kugaagaa sakafuni. Akaniambia nimletee mwingine wiki ijayo, na huu ni mwaka wa tatu namletea.

Katuni yenyewe ina vyumba vinne, siku zote. Katika cha kwanza Bi Usingizi anafika na tiketi yake. Katika cha pili anakaa na kuvua viatu. Katika cha tatu amelala, na nyuma yake dunia inaporomoka, wacheza ngoma wanarushana, mapazia yanashika moto. Katika cha nne ameamka na anasema sentensi moja. Sentensi hiyo si yangu. Dada huamka makofi yanapopigwa, hurekebisha miwani, halafu husema jambo. Baada ya maonyesho fulani ya picha za mandhari alisema, "Huyu aliyechora ana kiti kibaya." Baada ya tamthilia ya mapenzi iliyotutoa machozi sote, alisema yule mfalme viatu vilikuwa vinambana. Mimi naandika tu.

Haya, na kwa nini analala? Kwa sababu anafanya kazi duka la miwani. Wiki nzima amesimama mbele ya watu asiowajua, anawabadilishia vioo na kuwauliza, hiki au hiki? Hiki au hiki? Ikifika Jumamosi macho yake yanadai haki yao. Ningeweza kwenda kwenye hayo maonyesho peke yangu, lakini Dada alikuwa amejiwekea sharti kwamba mtu asikae kumbini peke yake kama mkiwa. Kwa hiyo alinisindikiza kila wiki, akalala.

Tunaishi pamoja katika nyumba aliyotuachia marehemu mama, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta wa ghala. Meza yangu iko chini ya dirisha hilo. Nimechovya brashi kwenye chai mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na mara moja nilikunywa wino, ndiyo maana siku hizi Dada hunipa chai katika kikombe chenye kifuniko kama mtoto. Nina kilema kimoja cha kazi, nacho nakitaja kwa sababu ndicho kilichotufikisha tulikofika. Siwezi kuchora uso nisiouona. Wenzangu huchora kutoka kichwani, wengine kutoka kwenye picha. Mkono wangu hauna akiba. Usipoupa kitu cha kutazama, unachora mipira.

Fundi piano aliingia kwenye habari zetu kupitia dukani. Alikuwa mjane, anatengeneza piano za ukumbi wa jiji, za shule ya muziki na za mahoteli mawili matatu, na alikwenda kwa Dada kutaka miwani ya kusomea kwa sababu, alisema, masikio yake yanasikia kila kitu lakini skrubu ndogo zimeanza kumkimbia. Dada alinisimulia haya akiwa anaosha sahani. Aliiosha sahani moja muda mrefu sana. Nilimwambia, Dada, hiyo imeshatakata, wahurumie wenzake, naye akanirushia povu la sabuni. Nikajua.

Aliporudi kuchukua miwani, fundi alikuwa na gazeti mkononi. Alikaa kusubiri, akalifungua, akacheka, kisha akamwonyesha Dada alichokuwa anachekea. Alikuwa Bi Usingizi. Alimwambia kwamba humkata kila wiki na kumbandika ukutani kwenye karakana yake, tangu wa kwanza kabisa. Halafu, akilikunja gazeti, akasema kwamba hata hivyo anamhurumia mwanamume atakayemwoa mwanamke kama yule, kwa maana kukaa na mtu aliyelala ni kukaa peke yako.

Dada alicheka pamoja naye. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, alisema, kwamba alicheka. Alinieleza yote haya jioni ile, koti likiwa bado mwilini.

"Usinichore tena," akasema.

Nilimwambia ni katuni tu, jina lake halipo, hakuna ajuaye.

"Sura yangu ipo. Watu wanakuja pale kujitazama wenyewe kwenye kioo. Miaka yote. Huyu amenitazama mimi. Usinichore tena, mdogo wangu, nakuomba."

Dada hajawahi kuniomba kitu. Katika nyumba yetu yeye ndiye wa kuombwa. Nilikubali, lakini shingo upande, na nilinuna hadi kesho yake. Nilikuwa na hofu mbili, nazo nitazisema zote. Ya kwanza, bila Bi Usingizi mimi ni mchoraji wa figo. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi: kwamba mambo yakienda vizuri Dada ataolewa aondoke, na nitabaki na meza yangu na ukuta wa ghala.

Nilikwenda kwa mhariri kumweleza kwamba Bi Usingizi amefika mwisho. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema wasomaji wanaanzia ukurasa ule, na siku akitolewa Bi Usingizi na yeye mhariri atatolewa naye, kwa hiyo niende nyumbani nikachore. Nikiwa kwenye ngazi wazo likanijia. Msomaji hautazami uso anaoujua. Anahakikisha tu kwamba upo. Ukibadilisha kitu kimoja kwa wiki, kimoja tu, hakuna atakayekushika, na baada ya miezi michache unakuwa na mtu mwingine kabisa aliyevaa jina lilelile. Bi Usingizi angebaki, na Dada angetoka ndani yake bila mtu kusikia mlango.

Nilianza na miwani, ikatoka kwenye duara ikawa ya pembe. Wiki iliyofuata nikashusha nywele. Kisha mashavu, kisha mabega, kisha mkoba ukawa kikapu. Mhariri hakuona kitu. Msomaji mmoja aliandika kusifu kwamba katika dunia hii inayobadilika ovyo, angalau Bi Usingizi habadiliki. Nilijiona bingwa.

Jumamosi za Dada zikawa za fundi. Alimpeleka kwenye muziki, kwenye maigizo, kwenye filamu za zamani zinazoonyeshwa chini ya maktaba. Kabla ya kutoka Dada alikunywa kahawa nyeusi akiwa amesimama, yeye ambaye kahawa humtetemesha. Alirudi macho mekundu. Mara ya kwanza nilimuuliza kama alilala.

"Sikulala hata kidogo," akasema, kwa fahari.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilimwonea fundi wivu. Kwangu alilala miaka mitatu, na kwa mtu wa juzi anakaa macho kodo hadi mwisho. Nilijitia hamnazo. Lakini asubuhi moja alipokuwa ananipa kikombe changu chenye kifuniko niliona kiganja chake kimejaa alama za kucha, nyekundu, zimepangika mstari. Alikuwa anajifinya. Sikusema kitu, na sina uhakika kwamba nilinyamaza kwa wema.

Nilikwenda peke yangu kwenye mazoezi ya ngoma, kwenye maonyesho ya viti vya zamani ambavyo ni marufuku kuvikalia, kwenye usiku wa ushairi ambako kila mshairi alisema atasoma kifupi. Kiti cha pili kilikuwa kitupu, au kilikuwa na koti la mtu. Hapakuwa na wa kumtazama. Basi nikafanya wanavyofanya wachoraji wote wakikosa uso: nikaegemeza kioo kidogo kwenye chupa ya wino, nikafumba jicho moja, nikachukua mdomo wangu mwenyewe, kope yangu mwenyewe, kwa muda tu, hadi nitakapopata nyingine. Kila mtu wa kazi hii anajua kinachotokea ukizoea kioo, na kila mmoja anadhani yeye hakitamtokea. Sentensi ya chumba cha nne nayo ikawa shida, kwa sababu hakukuwa na anayeamka pembeni yangu. Nilitunga za kwangu. Mhariri alisema siku hizi Bi Usingizi amekuwa na falsafa, na hakulisema kama sifa.

Kisha Dada akamwalika fundi chakula cha mchana, Jumapili. Aliamka alfajiri kupika. Alikuwa amemwambia kwamba mdogo wake anachorea vitabu vya shule, na hilo ni kweli, maana nimechora panzi wengi tu. Kuhusu gazeti hakumwambia kitu, na mimi niliagizwa nisifungue mdomo.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na haikuwa rahisi. Alikuwa mrefu, mwembamba, masikio makubwa masafi, vidole vina mikwaruzo midogo ya nyaya. Aliniita shemeji kabla hajavuta kiti. Alisikiliza jokofu letu kwa muda, kisha akasema kwa heshima kwamba linaimba, ila liko chini kidogo ya sauti liliyokuwa linaitafuta. Dada alicheka mno. Fundi alikula vizuri, akaomba kuongezewa, akaniuliza kuhusu karatasi na wino maswali ya mtu anayejua maana ya kazi ya mikono. Nilianza kumpenda, jambo ambalo lilinikera.

Halafu akatoa ukurasa wa gazeti mfukoni, umekunjwa vizuri.

"Shemeji, wewe ni mtu wa kazi hii," akasema. "Hebu niambie. Wamembadilisha mchoraji?"

Dada alinikanyaga mguu chini ya meza. Niliuliza kwa nini anafikiri hivyo.

"Kwa sababu simcheki tena. Nimewapanga wote ukutani, nawatazama nikifanya kazi. Yule wa zamani alikuwa amelala. Ukimwona hivi, unajua huyu amefika kwake. Huyu wa sasa amefumba macho tu. Hajalala huyu. Ana wasiwasi."

Dada hakuwa ameisoma katuni tangu jioni ile ya koti. Gazeti likiingia ndani alikuwa anaruka ukurasa. Sasa alinyoosha mkono akaichukua. Aliishika kama anavyoshika kioo dukani, akaigeuza ipate mwanga wa dirisha. Akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Huyu ni wewe," akaniambia.

Nilitaka kubisha. Nikainama nikaona. Mdomo ulikuwa wangu, wenye kona inayoshuka. Nyusi zilikuwa zangu. Mikono yote miwili ilikuwa imeking'ang'ania kikapu kana kwamba kuna anayekivuta, na pembeni yake palikuwa na kiti kitupu. Nilikuwa nimekichora kiti hicho wiki baada ya wiki nikidhani najaza nafasi.

Fundi alikuwa anatutazama kwa zamu, kijiko kikiwa hewani. Hapo nilifanya jambo moja ambalo mpaka leo najivunia. Nilimwambia kwamba nimekamatika, mimi ndiye mchoraji wa Bi Usingizi, na Bi Usingizi ni mimi na amekuwa mimi tangu mwanzo. Mimi ndiye ninayelala kumbini. Nikatia chumvi: nikasema naweza kulala nimesimama, nikasema niliwahi kulala kwenye harusi ya rafiki yangu nikiwa msimamizi wake. Fundi alianza kutabasamu. Alikuwa anakaribia kuamini.

"Si kweli," Dada akasema. "Yule wa zamani ni mimi."

Tabasamu la fundi lilibaki njiani. Jokofu lilinguruma, likanyamaza. Nilimtazama Dada na nikaona amejikaza kama mtu anayesubiri kusomewa majibu ya hospitali, na nilimwomba Mungu yule mwanamume aseme jambo la maana.

"Lakini wewe hulali," fundi akasema. "Tumekaa pamoja mara ngapi? Hujawahi kulala."

"Najifinya."

Akakifungua kiganja juu ya meza, katikati ya sahani. Fundi alivaa miwani yake, ile aliyopimiwa na Dada, akakisogelea. Alikitazama muda mrefu.

"Kwa nini?"

"Ulisema anayekaa na mtu kama huyo anakaa peke yake."

Nilimwona akitafuta. Alirudi nyuma kichwani mwake, akapekua, na ilikuwa wazi kwamba hakuna alichokipata. Maneno yaliyotawala nyumba yetu miezi yote hii aliyasema akiwa anasubiri miwani, ili tu mazungumzo yasife, akayasahau kabla hajafika mlangoni.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Hakujitetea. Hakusema alikuwa anatania, wala hakuanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kwa hilo nilimpa alama. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, kazi ambayo Dada huwakataza wateja wote, na Dada hakumkataza.

"Leo umeamka saa ngapi?" akamuuliza.

"Alfajiri."

"Basi kapumzike. Mimi na shemeji tutaosha vyombo."

Dada alifungua mdomo kupinga, maana katika nyumba ile mgeni hajawahi kugusa sufuria. Kisha akaufunga. Aliinuka akaenda sebuleni, nikasikia springi za kochi.

Tuliosha bila maneno mengi. Mimi naosha, yeye anakausha, na kila glasi aliigonga kidogo kwa ukucha kabla ya kuiweka, nadhani hata hakujua anafanya hivyo. Aliniuliza kama Dada atakasirika akiendelea kubakiza zile za zamani ukutani. Nilimwambia amuulize mwenyewe. Aliniuliza mimi nitafanyaje na Bi Usingizi sasa. Nilimjibu sijui, na ilikuwa kweli. Nilimweleza kwamba nilikuwa nikimwogopa yeye kabla sijamwona, kwa sababu nilijua amekuja kumchukua mtu wangu. Akakausha sahani moja yote, mbele na nyuma, ndipo akasema anaelewa, na kwamba hata yeye amekuwa na kiti kitupu.

Tuliporudi sebuleni Dada alikuwa amelala. Hakuwa amekaa wima, wala hakuwa na mkoba wa kushikilia. Alikuwa fofofo, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia karibu na sakafu, kichwa kimeanguka upande kwenye mbao ya kochi. Niliuona mstari wa shingo ile na vidole vyangu vikaanza vyenyewe kupapasa mfukoni kutafuta kalamu. Fundi alichukua mto kwenye kiti, akapiga goti. Akakiinua kichwa chake kwa kiganja kimoja, polepole, akausukumiza mto chini yake, akakishusha. Dada alinung'unika kitu, akaugeukia ule mkono, akaendelea kulala.

Nilijua hapo hapo kwamba ataondoka, na kwamba ataondoka akiwa na furaha. Nilirudi jikoni nikachukua glasi zilizokwisha kukaushwa nikaanza kuziosha upya, maji nikiyafungua kidogo tu, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka kumwamsha.